Uchochoro wa Wafua Bati: Kisa cha Mtaa Mkongwe wa Mafundi Dodoma

Katikati ya Dodoma, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni ya reli ya zamani, kuna uchochoro ambao unausikia kabla hujauona. Ni wa mafundi bati. Jina lake silitaji, kwa kuwa shauri bado liko mezani na wenyewe wameniomba nisiutaje. Kazi yangu ni mipango miji. Tranka nililoendea bweni kidato cha kwanza lilitoka pale pale, na mchoro wa kwanza wa kuuboresha mtaa huo niliuchora mimi, nikiwa nimeajiriwa na kampuni moja ya ushauri. Mchoro ule ulikuwa na kosa kubwa. Nimeandika kisa hiki kwa sababu ya kosa hilo, maana naona linarudiwa katika miji yetu mingi.

Hali yenyewe ni hii. Kuna safu ya majengo ya zamani yenye baraza mbele: maduka yanatazama barabara, vyumba vya kupanga viko katikati, na nyuma kuna uchochoro wenye karakana ishirini na mbili. Majengo ni ya warithi wa wafanyabiashara walioifuata reli. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kuizunguka stesheni. Mafundi wakayafuata maduka. Mwenye duka anauza bati na misumari, chakavu kinashuka nyuma, fundi anakigeuza karai, koroboi, keni ya kumwagilia, kopo la kupimia nafaka, jiko. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilitokea tu, baba akamwachia mwana nyundo, na mwana akampokea kijana mwingine kutoka Bahi au Kondoa.

Kilichoulinda uchochoro kwa miaka mingi ni kusahauliwa. Serikali ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mpango kabambe wa 1976 ukaelekeza macho kwenye mji mpya. Mji wa zamani ukabaki na nyufa zake. Isitoshe, ardhi chini ya Mamlaka ilitolewa kwa mikataba ya miaka 33, na mtu mwenye karatasi ya namna hiyo hana haraka ya kujenga ghorofa. Upepo ukageuka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kweli. Mei 2017 Mamlaka ikavunjwa na shughuli zake kukabidhiwa manispaa, hati za miaka 99 zikaanza kuchukua nafasi ya zile za 33, na Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Warithi ambao jana walikuwa wanagombania nani akazibe bati linalovuja, leo wanapigiwa simu na wawekezaji.

Kisha Agosti 2024 ikazinduliwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Mgeni anaondoka Dar asubuhi na kufika kabla ya chakula cha mchana, na swali la kwanza hotelini ni hili: hapa mjini tutembelee wapi? Ndipo lilipozaliwa wazo la kuufanya mtaa ule mkongwe kuwa kivutio.

Wazo lenyewe lilikuwa jema. Uchochoro upigwe pevingi, mitaro ifunikwe, taa za sola zisimamishwe, kuta zipakwe chokaa, na fremu za mbele ziwe migahawa midogo na maduka ya sanaa. Mafundi wangehamishiwa eneo la viwanda vidogo pembezoni mwa jiji, penye nafasi, umeme wa njia tatu na maegesho. Ili ladha ya ufundi isipotee, nilichora vibanda vinne vya maonyesho ambamo fundi mmoja mmoja angekaa na kufua bati wageni wakimtazama. Nilijivunia vibanda vile. Niliviwekea paa la makuti.

Siku ya kuuwasilisha mchoro, mzee mmoja ambaye pale wote humwita Babu aliutazama muda mrefu bila neno. Mwishowe akaniuliza, "Mwanangu, jiko umewahi kuliona likitengenezwa tangu mwanzo?" Nikasema nimeona mara nyingi. "Tangu mwanzo?" Nikanyamaza. Akasema, "Njoo kesho saa moja. Njoo na daftari."

Nilifika, nikaamkia, nikaonyeshwa pipa la mafuta la lita 200 lililokatwa vichwa vyote viwili. Fundi wa kwanza kazi yake ni kukata tu. Analipasua pipa kwa patasi nzito, analikunjua hadi linakuwa shuka la chuma, kisha anachora duara na vipande kwa msumari akifuata kiolezo cha kadibodi kilichoiva kwa mafuta ya mikono. Hana fuawe, wala haitaki. Vipande vikifika kumi na mbili, kijana anavibeba hatua kumi na moja (nilizihesabu) hadi kwa fundi wa pili.

Huyu wa pili ana kitu ambacho sijakiona kikiandikwa katika ripoti yoyote ya urithi wa mji huu: kipande cha reli ya zamani, kirefu kama mkono, kimechimbiwa ndani ya kigogo cha mkwaju. Mgongo wa reli hiyo umepigiwa bati kwa miaka mingi hadi unang'aa kama kioo, na katikati umebonyea kidogo. Ule mbonyeo ndio unaokunja ukingo wa jiko ukawa wa mviringo bila kuukata mkono wa mpishi. Babu aliniambia kwamba fuawe mpya ya kununua haikunji hivyo mpaka ipigwe miaka. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa jiko lililotoka pale, kisha kwenye lingine lililokunjwa kwingine. La pili lilinikwaruza.

Riveti wanazikata kutoka misumari. Patasi kubwa ni moja kwa karakana tano, na asubuhi ile niliiona ikiazimwa mara tatu. Deni limeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango: huyu anamdai yule miguu sita, yule anamdai huyu mkaa wa nusu gunia. Kutoka hapo mwili wa jiko unavuka uchochoro hadi kwa mama mmoja mfinyanzi, anayekaa kwenye kona ya baraza ya duka la nyuma. Yeye huja na udongo wake kwa bajaji, huuchanganya, huukanda, huujaza ndani ya jiko kwa kiganja na kuulaza kwa kipande cha kibuyu kilicholowa. Jiko linakaa siku kadhaa likikauka taratibu. Halafu kijana wa mwisho analipaka rangi ya fedha, na mkokoteni unayabeba sokoni au kwenye mnada wa Msalato.

Mikono minne, na mwendo wote hauzidi hatua sitini. Hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kutengeneza jiko peke yake, na hakuna mwenye vifaa vyote.

Nilirudi nyumbani nikautandaza mchoro wangu mezani. Mkataji nilikuwa nimempeleka eneo la viwanda. Mwenye reli nilimweka kwenye kibanda cha maonyesho, na kigogo chake kisingepita mlangoni. Kijana wa rangi hakuwa popote. Yule mama hakuwa hata kwenye orodha ya watu wa kuhamishwa, kwa kuwa si mpangaji. Anakaa barazani kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye duka aliyefariki. Tulikuwa tumehesabu wapangaji, tukadhani tumehesabu mtaa.

Hapa nitoke kidogo nje ya Dodoma, kwa sababu kuna mji uliolifanya kosa hili kabla yetu na kumbukumbu zake zipo. Birmingham, Uingereza, kuna eneo la masonara liitwalo Jewellery Quarter. Mwaka 1773, kwa juhudi za Matthew Boulton, mji ule ulipata ofisi yake ya kupima na kupiga chapa dhahabu na fedha. Mafundi wakajazana eneo lile la masonara, na mwaka 1890 kikaanzishwa chuo cha kuwafundisha vijana kazi hiyo. Pete moja ilikuwa inapita mikono mingi: anayechonga kalibu za chuma, anayepiga umbo, anayepachika kito, anayechovya dhahabu, anayesugua. Kila mmoja kwenye chumba chake kidogo, mara nyingi ndani ya nyumba za kuishi zilizogeuzwa karakana, na kazi ikitembezwa kwa miguu mtaani. Kwa maneno mengine, ni uchochoro wetu, ila wao walishika dhahabu na sisi tunashika mapipa.

Miaka ya 1960 halmashauri ya mji ule iliamua kuusafisha mtaa. Majengo machakavu yakabomolewa, likajengwa jengo kubwa la karakana za ghorofa lililofunguliwa 1971, Hockley Centre, ambalo siku hizi hujulikana kama Big Peg. Lilikuwa na mwanga na nafasi. Lakini kodi yake ilikuwa juu ya uwezo wa mafundi wengi wadogo waliobomolewa, na wengi hawakuingia. Nia ilikuwa kuwasaidia wao, na ndio walioshindwa kodi.

Waliobaki waliokolewa na majengo ambayo hayakubomolewa. Baadaye mji ukabadili mwendo. Karakana moja ya Smith & Pepper, iliyofungwa 1981 wenyewe wakaacha vifaa juu ya meza kama walivyovitumia mara ya mwisho, ikafunguliwa 1992 kuwa makumbusho. Makazi mapya yakaanza kuingia, yakaleta uhai jioni, na yakaleta hatari nyingine: mwenye jengo anayeweza kuuza fleti hana sababu ya kumpangisha sonara. Ndipo mwongozo wa hifadhi wa 2002 ukasema wazi kwamba katika sehemu za kati za eneo lile, karakana kugeuzwa makazi haitaruhusiwa kwa kawaida. Sentensi hiyo moja ya matumizi ya ardhi, kwa maoni yangu, imefanya kazi kubwa kuliko taa na vibao vyote. Mgeni akienda Birmingham leo anaingia makumbusho, kisha anatoka na kukuta mtaa ambao bado unafua vito.

Tuna nyenzo kama hiyo? Tunayo, ila si ile ambayo wengi huikimbilia. Kila nikizungumzia mji mkongwe, mtu huniambia tuwaite watu wa mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyatambua majengo kama kumbukumbu iwapo yalijengwa kabla ya 1863. Dodoma yote ya reli imezaliwa baada ya hapo, kwa hiyo ulinzi wake unangoja tangazo la Waziri, na hata likitoka litalinda ukuta tu, halitazungumzia kodi ya pango. Nyenzo iliyo mkononi ni Sheria ya Mipango Miji ya 2007: mpango kina unaotaja matumizi ya kila kiwanja, na kibali kinachohitajika mtu akitaka kubadili matumizi. Tukiandika kwamba sakafu ya chini upande wa nyuma ni karakana, anayetaka kuifanya baa atalazimika kuja kuomba, na mafundi watapata nafasi ya kusikilizwa.

Lakini nisiwafanye mafundi kuwa malaika na wengine wote kuwa maadui. Wapangaji wa vyumba vya katikati wana malalamiko ya haki kabisa. Muuguzi mmoja anayefanya zamu za usiku aliniambia hajalala mchana kwa raha tangu ahamie. Kibaya zaidi ni wachomeleaji wawili walioingia miaka ya karibuni, wanaochomelea mabati yenye zinki katikati ya uchochoro usio na upepo. Moshi wa zinki ikiungua humpa mtu homa, kikohozi na baridi ya mwili jioni ile ile, na watoto wanachezea hapo hapo. Hili halina mjadala. Tulikaa na wachomeleaji, tukakubaliana kwamba kazi ya mabati yenye zinki ihamie eneo la viwanda, na hawakupinga, maana wao kazi yao haiutegemei ule mnyororo wa hatua sitini. Nyundo nazo zikapewa saa: kuanzia saa mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, na kimya wakati wa adhana, jambo ambalo tayari walikuwa wanalifanya bila kuandikiwa.

Warithi nao wana shida zao. Kodi ya karakana ni elfu thelathini kwa mwezi, na fremu ya mbele ikikarabatiwa inaweza kudaiwa mara tano ya hiyo, miezi sita mbele. Ukimwambia mrithi asiguse sakafu ya chini, umemwambia abebe gharama ya urithi wa mji peke yake. Kwa hiyo katika mchoro wa pili tuliwapa kitu: waruhusiwe kupandisha ghorofa mbili upande wa barabara, za makazi na vyumba vya wageni, huku baraza na nguzo za zamani zikibaki. Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 inawawezesha ndugu watano kugawana jengo moja, kila mmoja na hati ya sehemu yake, bila kuliuza ili wagawane fedha. Ugomvi wa mirathi ndio unaouza nyumba nyingi za mji wa zamani, na hilo hulikuti kwenye ripoti za uwekezaji. Kwa upande wao, wasaini mikataba ya miaka kumi na kikundi cha mafundi, kodi ipande kidogo kidogo kwa kiwango kilichoandikwa. Wanne wamekubali. Wa tano yuko nje ya nchi na anajibu ujumbe anapojisikia.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wenyewe hawakupenda niliseme, nami nalisema kwa kuwa nawatakia mema. Jiko la mkaa siku zake zinapungua. Mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Hata ukitekelezwa nusu, mtaa unaoishi kwa majiko utaumia. Kulinda sakafu ya chini kwa miaka kumi bila kufikiria kitakachofuliwa hapo ni kulinda chumba kitupu. Babu alikasirika kidogo nilipolisema kikaoni, kisha mwenyewe akaanza kuhesabu: vihenge vya bati vya kuhifadhia mtama na mahindi visiingiwe na fukusi, matranka, taa za bustani za mahoteli, stendi za mitungi ya gesi. Kijana wa rangi akasema wageni wawili wa treni walinunua koroboi ambazo kwao zitakuwa mapambo tu. Mkopo unaotoka kwenye ile asilimia kumi ya mapato ambayo halmashauri huvitengea vikundi unaweza kununua mashine ya kukunjia mabati makubwa ya vihenge, iwapo vijana watasajili kikundi chao vizuri. Hilo wameanza.

Kuhusu wageni, vibanda vya makuti tumevifuta. Mafundi walikuwa na sharti moja, ambalo nililipenda: mgeni aingie uchochoroni kama mteja anavyoingia, asalimie, aulize, anunue akitaka, na asimpige picha mtu bila kumwomba. Hakuna fundi atakayekalishwa kuigiza kazi. Kilichohitajika kwa ajili ya wageni kikagundulika kuwa ndicho wakazi na mafundi walichokuwa wakikililia miaka yote, yaani choo na mtaro usiofurika masika. Pevingi imebaki, ila si mbele ya mwenye reli. Pale pameachwa udongo, kwa sababu fundi anayesimama siku nzima kwenye tofali gumu huumia magoti, na jiko likimponyoka kwenye udongo halibonyei.

Mchoro wa pili uko kwa maafisa sasa. Diwani anauunga mkono. Mwekezaji mmoja bado anazunguka kwa warithi na bei yake, na nisingemlaumu mrithi ambaye angeshindwa kukataa.

Wiki iliyopita niliupeleka uchochoroni mchoro huo uliochapwa kwa ukubwa, nikautandaza juu ya pipa. Kwa mara ya kwanza una mstatili mdogo wa mita tatu barazani, ulioandikwa: kufinyanga. Nilimwita mama mfinyanzi nimwonyeshe, nikitarajia atafurahi. Aliuinamia akiwa na udongo mikononi, akauliza mlango wa maduka uko upande gani, nikamwonyesha. Akauliza na kusini ni wapi. Kisha akasema, "Hapa umeniweka kwenye upepo, baba. Upepo wa kipupwe unaingilia kona hii. Udongo utakauka juu kabla ya ndani, majiko yote yatapasuka."

Nilitoa penseli, nikaufuta mstatili, nikauhamishia nyuma ya nguzo ya pili, pale ambapo amekuwa akikaa miaka yote.